Shamba Lililoitwa Angola

Mwaka jana nikiwa mazoezi ya kufundisha, niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya kuchora mti wa ukoo. Niliona ni kazi nyepesi tu. Binti mmoja wa dawati la mbele akarudisha karatasi yenye jina lake na la mama yake, basi. Nikamwandikia kwa wino mwekundu: "Haijakamilika."

Muhula huu zamu ikanigeukia. Kwenye somo la historia ya Marekani tuliambiwa kila mtu afuatilie asili ya mlowezi mmoja wa enzi za ukoloni. Wenzangu wengi walimkimbilia William Bradford, gavana wa Plymouth, na kwa kweli walikuwa na akili. Uingereza iliagiza makanisa yaandike ubatizo, ndoa na maziko tangu 1538. Bradford unamkuta kwenye kitabu cha kanisa la Austerfield, Yorkshire, amebatizwa 1590. Ukishampata yeye, wazazi hawako mbali.

Mimi nikajifanya mjuaji, nikamchukua Anthony Johnson. Huyu alifikishwa Virginia mwaka 1621. Katika orodha ya wakazi ya 1625 ameandikwa Antonio, mtu mweusi. Hakuna baba wala kijiji. Baadaye alipata uhuru wake, akaishi na mkewe Mary, na 1651 akapata hati ya ekari 250. Tusimpambe lakini: naye alimiliki mtumwa, John Casor, akamdai mahakamani na 1655 akapewa. Alikufa 1670 huko Maryland, alikokuwa amehamia. Mwaka huohuo baraza la mahakama Virginia likasema kwamba kwa kuwa alikuwa mweusi, alikuwa mgeni. Ardhi aliyoiacha kule ikaenda kwa mzungu.

Wazazi wake niliwatafuta wiki mbili, maktaba na kwenye intaneti. Hola. Nilichokipata ni mjukuu wake, John, ambaye mwaka 1677 alinunua ekari 44 Maryland na shamba lake akaliita Angola.

Hapo nikafunga kompyuta, nikabaki nimekaa. Kijana aliyezaliwa ng'ambo ya bahari alikuwa na neno moja tu la kwao, akaliweka kwenye ardhi ili lisipotee. Mti wa Johnson unaishia kwenye neno hilo. Nani atauandikia "Haijakamilika"? Mimi, kumbe, nilishaandika.

Jamani walimu wenzangu watarajiwa, kabla hujatoa kazi hii darasani, jiulize nani hana cha kujaza, na ni kwa nini. Kuna kitabu kilichochomwa, kuna baba aliyeondoka, kuna mama ambaye hataki kuulizwa. Mtoto anaweza kuleta jina moja tu na likawa ndilo lote alilopewa.

Mwezi ujao narudi shule ileile. Nitamwita yule binti pembeni, nimwombe radhi. Akipenda, anisimulie habari za mama yake.