Bagamoyo na watoto: beba maji, beba na majibu

Kila likizo ya shule inapokaribia, swali nyumbani kwa dada yangu ni lile lile: watoto tuwapeleke wapi? Boti ya Zanzibar kwa familia nzima inaumiza mfuko. Mbuga za kaskazini ni mbali. Desemba iliyopita tukaamua kwenda Bagamoyo, kilomita kama 70 tu kaskazini mwa Dar es Salaam. Tulikuwa watano: mama yetu, dada, watoto wake wawili, wa kike miaka tisa na wa kiume miaka mitano, pamoja na mimi, mama yao mdogo.

Bagamoyo nilikuwa naijua kikazi. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo pale, na watoto wa eneo hilo walishiriki majaribio ya chanjo zote mbili za malaria: RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021, na R21 iliyofuata mwaka 2023. Niliwahi kwenda kuandika habari hizo, nikarudi jioni ile ile bila kuutazama mji. Safari hii nikajifanya mwenyeji. Ndiyo maana niliharibu siku ya kwanza.

Kaole: nendeni asubuhi

Magofu ya Kaole yapo kilomita chache kusini mwa mji. Kuna mabaki ya msikiti unaohesabiwa miongoni mwa misikiti ya kale zaidi Tanzania Bara, wa karne ya 13 hivi, kuna makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe, na kuna kisima cha zamani. Kwenye jumba dogo la makumbusho mtaona vyombo vya udongo na vipande vya bakuli za Kichina, ushahidi kwamba watu wa hapa walikuwa wakifanya biashara na mbali kabla hata Mzungu hajafika pwani hii. Bahari iliyokuwa mlangoni sasa imerudi nyuma na mikoko imechukua nafasi yake.

Sisi tulichelewa kuondoka Dar, tukafika Kaole saa sita na nusu, jua la utosi, na chupa moja ya maji kwa watu watano. Watoto walikimbia kuuzunguka mbuyu mkubwa, maana wenyeji husema ukiuzunguka unaongeza miaka. Baada ya nusu saa mdogo akanyamaza. Akasema kichwa kinauma. Halafu akatapika.

Mimi ndiye niandikaye kila mwaka kuhusu watoto na joto. Na mimi ndiye niliyeacha dumu la maji mezani nyumbani.

Tulimweka kivulini, tukamvua fulana, bibi yake akalowesha kanga na kumpangusa shingoni na kwapani. Dada akaenda kutafuta maji na pakiti ya ORS, tukampa kidogo kidogo kwa kijiko. Baada ya saa moja alikojoa na kuanza kuuliza chipsi, nikajua tumepona. Kama angechanganyikiwa, angeshindwa kunywa au angepata degedege, hapo si pa kusubiri. Ni kukimbilia hospitali moja kwa moja. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, Kaole iwe saa mbili au saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Mchana ni wa kula na kulala.

Mji Mkongwe kwa miguu

Siku ya pili tulijirekebisha. Tulianza saa mbili asubuhi, kofia kichwani, kila mtoto na chupa yake.

Mji Mkongwe wa Bagamoyo unatembeleka kwa miguu na hauchoshi watoto. Tuliwapa kazi ya kuhesabu milango ya nakshi, wakasahau kuuliza tutafika lini. Mtapita Boma la Wajerumani, kwani Bagamoyo ilikuwa makao yao makuu hadi walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891. Mtaona pia kumbukumbu ya mahali walipowanyonga Waafrika waliopinga utawala wao. Vita vya pwani vilivyoongozwa na Abushiri vilianza mwaka 1888, na mtoto wa darasa la tano na kuendelea atafurahi kukuta jambo la darasani limesimama mbele yake.

Caravan Serai ni nyumba yenye ua mpana ilikopumzika misafara kutoka bara. Hapa mweleze mtoto jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui: wengi waliofika Bagamoyo kwa miguu hawakuwa watumwa. Walikuwa wapagazi, hasa Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kwa ujira, wakapumzika na kununua vitu kabla ya kurudi kwao. Pembe hizo zilikwenda Ulaya, Marekani na Asia, nyingine zikawa vibonye vya piano. Ndiyo maana jina la mji lina maana mbili midomoni mwa watu. Kwa mpagazi, bwaga moyo: umefika, pumzika. Kwa mateka: liache moyo lako hapa, hutarudi.

Swali ambalo sikuwa nimejiandaa

Misheni ya Roho Mtakatifu ilianzishwa mwaka 1868. Wamisionari waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawajengea kijiji. Uwanjani kuna mbuyu mkubwa wenye mnyororo uliozama kwenye shina. Watu hudhani ni wa watumwa, lakini inasimuliwa kuwa ulikuwa wa kufungia punda, mti ukanenepa na kuumeza. Watoto waliucheka sana.

Ndani ya makumbusho hakuna aliyecheka. Kuna minyororo yenyewe, ile ya watu. Yule wa miaka tisa akasimama mbele yake kwa muda.

"Mama mdogo, hawa walifungwa kwa kosa gani?"

Kwake yeye, mtu akifungwa amekosa. Nikaanza kumweleza kuhusu biashara na uchumi wa karne ya 19. Nikajisikia mwenyewe kwamba nazunguka. Bibi yake akaketi kwenye benchi, akamvuta karibu.

"Hawakuwa na kosa, mjukuu wangu. Wenye kosa ni waliowafunga."

"Na mimi ningefungwa?"

"Zamani zile, ungeweza. Leo hapana. Na tupo hapa na wewe."

Mtoto akashika ncha ya kanga ya bibi yake na hakuiachia mpaka tulipotoka nje. Usiku akaomba kulala naye.

Nimefikiria sana kama tulikosea kumpeleka. Sidhani. Lakini tungemwandaa. Mtoto wa miaka mitano anatosheka kuambiwa kuwa zamani watu wengine walifanyiwa vibaya na baadaye ikakatazwa. Wa miaka tisa anataka kujua kosa ni la nani. Mwambie ukweli bila kumpa mtu wa kumchukia shuleni: walikuwemo wafanyabiashara wa pwani na wa bara, Waarabu na Waafrika, na wanunuzi wa mbali waliotajirika bila kuuona mnyororo. Usiseme yote kwa siku moja. Jibu alichouliza, kisha subiri aulize tena. Na msimalizie siku hapo. Pangeni jambo la kufurahisha baadaye.

Kwenye misheni ile ile kuna habari inayowafaa watoto. Mwaka 1873 David Livingstone alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wasaidizi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,500. Walifika Februari 1874, mwili ukalazwa misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa kuzikwa London. Vitabu vingi vinamtaja aliyebebwa. Sisi tuliwaambia watoto kuhusu waliobeba.

Ngoma, samaki na maji

Mchana ule tulikwenda TaSUBa, taasisi iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Ulizeni kwanza kama kuna mazoezi au onyesho. Sisi tulikuta wanafunzi wakipiga ngoma, na wa miaka mitano, yule mgonjwa wa jana, akacheza hadi watu wakampigia makofi.

Jioni nendeni soko la samaki. Mashua zinaingia, samaki wanapigwa mnada, mama lishe wanakaanga palepale. Ufukweni mafundi wanatengeneza vyombo kwa mkono, wakiziba nafasi za mbao kwa pamba. Kula kilichotoka kwenye mafuta sasa hivi, si kilichokaa juu ya meza tangu mchana.

Kuhusu kuogelea, ulizeni maji kwanza. Ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare. Maji yakipwa yanarudi mbali sana na watoto wanatembea wakiokota makombe. Lakini yakianza kujaa hayapigi hodi, na siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, yanapanda zaidi. Saa za kupwa na kujaa husogea karibu dakika 50 kila siku, hivyo saa ya jana si ya leo. Muulize mvuvi yeyote. Mtu mzima mmoja awe kazini kuwatazama watoto, bila simu mkononi, kisha apokelewe na mwingine. Watoto wasiingie kabisa kwenye maji ya mto Ruvu: kuna viboko na mamba.

Mkiwa na siku zaidi

Kaskazini zaidi kuna Saadani, hifadhi ya taifa pekee nchini inayogusa Bahari ya Hindi. Kuna tembo, twiga, na safari ya boti mto Wami kutazama viboko na mamba. Ulizeni hali ya barabara kabla ya kuondoka, hasa wakati wa mvua. Mkirudi Dar, kutoka Kunduchi kuna boti za kwenda kisiwa cha Mbudya, kilichomo kwenye hifadhi ya bahari. Msipande mpaka kila mtoto amevaa jaketi okozi linalomtosha.

Vya kubeba

Maji ya kutosha, angalau chupa moja kubwa kwa kila mtu, na pakiti mbili tatu za ORS. Kofia. Viatu vya kuingilia majini. Chandarua, msipokuwa na uhakika na cha nyumba ya wageni. Nguo za mikono mirefu za jioni. Kadi ya bima na ya kliniki ya mtoto. Fedha taslimu za viingilio. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Juni hadi Septemba hewa ni nafuu. Desemba jua ni kali. Wasio na gari watapata daladala za Bagamoyo kituo cha Makumbusho.

Sisi tulirudi kwa daladala. Wa miaka mitano alilala kabla ya Mapinga. Dada yake alikuwa kimya dirishani, nikaogopa bado anawaza minyororo. Tulipofika Bunju akanigeukia.

"Mama mdogo, Susi na Chuma walibeba maji?"

"Bila shaka walibeba."

"Sasa wewe mbona ulisahau?"

Bibi yake ndiye aliyecheka wa kwanza.