Kwenda Kagoma kwa gari la kuvuta mbele

Ukishaiacha Kyetema, barabara ya Bukoba kwenda Muleba inaanza kupanda na kushuka, na hapo ndipo gari la kuvuta mbele linapoonyesha tabia yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika usukani kwenye njia hiyo. Mjomba alikaa kushoto kwangu, na kwenye buti tulipakia mifuko miwili ya saruji ya kumalizia sakafu ya bibi kule Kagoma.

Gari lilikuwa Toyota IST ya lita 1.3. Toyota ilianza kuiuza mwaka 2002, ikiwa imejengwa juu ya msingi wa Vitz, na Vitz niliijua kabla sijagusa gari lolote la kweli. Niliikuta kwenye kibanda cha gemu mjini Bukoba, ndani ya Gran Turismo 4, gemu la Kijapani lililotoka mwishoni mwa 2004 likiwa na magari zaidi ya 700. Wenzangu walikimbilia Skyline na Supra. Mimi nilivipenda vigari vya kuvuta mbele, ambavyo vilikuwa na mashindano yao peke yao, na nikakaa navyo hadi nikajua kuvitengeneza.

Kwenye magari haya tairi mbili za mbele ndizo zinazovuta, ndizo zinazokata kona, na ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya breki. Mshiko wa tairi una kikomo. Ukiumaliza kwenye kuvuta, wa kukatia kona haubaki, na gari linanyoosha moja kwa moja huku usukani umekunjwa. Dawa yangu kwenye gemu ilikuwa kukaza nyuma: springi na stabilaiza za nyuma nazipandisha, za mbele nazilegeza, ili mkia uteleze kidogo na pua ipate kugeuka. Tairi za mbele nazilaza kidogo, vichwa vikiinamia ndani. Breki naisogeza kiasi kwenda nyuma. Difu ya mbele naikaza kwa uangalifu, maana ikizidi, gari linakataa kona kila unapokanyaga mafuta.

Mvua ilitukuta tukiwa tumepita Kemondo. Kwenye kona moja ya mteremko, kabla macho hayajaona lolote, nilihisi viganjani kwamba usukani umekuwa mwepesi. Pedi ya gemu hutetemeka tu, haiwezi kukupa wepesi ule. Niliachia mafuta taratibu, sikugusa breki, sikuongeza usukani. Uzito ukarudi mbele, tairi zikaishika lami, pua ikaingia.

“Nani kakufundisha hivyo?” mjomba aliuliza.

“Gemu, mjomba.”

Nikamsimulia habari za Erik Carlsson, dereva wa Sweden, ambaye mwaka 1964 alishika nafasi ya pili kwenye East African Safari kwa Saab 96, kigari cha kuvuta mbele chenye injini ya silinda tatu. Carlsson alisifika kwa kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiwa bado kwenye mafuta: mbele panaendelea kuvuta, mkia unazunguka. Ninachokitafuta kwa stabilaiza, yeye alikifanya kwa mguu, tena kwenye tope la Afrika Mashariki. Kwangu mimi hakuna dereva aliyelielewa gari la namna hii kuliko yeye.

Baada ya Muhutwe njia ilikuwa nyepesi. Kagoma ndipo inapoanzia ile barabara ya kilomita 154 ya kwenda Lusahunga, lakini sisi tuliingia njia ya udongo katikati ya migomba, na kwenye kilima cha mwisho gari likagoma. Tairi za mbele zilizunguka papo hapo zikirusha udongo mwekundu hadi kwenye vioo. Mlimani uzito hukimbilia nyuma, na sisi tulikuwa na kilo 100 za saruji kule kule nyuma. Kwenye gemu ningeuchukua uzito huo nikauweka puani.

“Geuza, tupande kwa rivasi,” mjomba alisema.

Hilo gemu halikuwahi kunifundisha, ila nililielewa palepale: ukipanda kinyumenyume, pua ndiyo inayobaki upande wa chini, na uzito unaziangukia tairi zinazovuta. IST ilipanda polepole bila kusimama, hadi mlangoni kwa bibi.

Jioni mjomba alisema atafunga spesa ili gari linyanyuke, kama wafanyavyo wengi. Nilimpinga. Gari likinyanyuliwa linalala zaidi kwenye kona, na shafti za mbele zinafanya kazi zimepinda, jointi zake zinakufa mapema. Nilimwomba hela hiyo anunue tairi mbili mpya za mbele, zenye kashata nene. Tairi amekubali. Suala la spesa bado tunabishana.