Springi Hubeba, Shokapu Hutuliza: Njia ya Mbarara na Nakivale

Msafiri atokaye Mbarara kwenda Nakivale huianza safari yake kwa raha. Mji huo wa magharibi ya Uganda, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, humuaga kwa barabara ya lami, na vilima vya Isingiro humpokea kwa migomba iliyopangika safu kwa safu. Kisha lami humalizika. Changarawe, mashimo na viwimbi vya udongo huchukua zamu, na gari lililokuwa likiteleza huanza kulalamika. Ndipo dereva hukumbuka kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mwendo wote ni kilomita zipatazo 60. Mwisho wake yapo makazi ya Nakivale, kandokando ya ziwa la jina hilo, yaliyofunguliwa mwaka 1958 na kuhesabiwa miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Humo wanaishi watu waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na Kiswahili huwapatanisha sokoni. Gari dogo la abiria ni uzi uunganishao makazi hayo na mji: hupeleka magunia na samaki, na siku nyingine humpeleka mgonjwa hospitali.

Kwa sababu hiyo, kijana mmoja wa Nakivale aliyelijenga upya gari kuukuu kwa vipuri vya kuokoteza alipofika gereji ya Mbarara, swali lake halikuwa la mchezo. Akiba yake yote ilikuwa katika gari lile. Mbarara hufanyika mashindano ya magari, na kijana alikuwa ameyatazama, akayapenda.

"Fundi, nataka springi ngumu, na gari liiname chini kama la mashindano," alisema.

"Ngumu kwa mzigo gani, ndugu yangu?" fundi aliuliza.

Kijana hakuwa na jibu. Fundi akapima kwanza kimo cha gari tupu, toka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa madigadi. Kisha akaweka mahindi kilo 200 sawasawa juu ya ekseli ya nyuma, akapima tena. Gari lilikuwa limeshuka milimita 40. Kila upande ulibeba kilo 100; basi springi ile ilihitaji kilo 2.5 ili ishuke milimita moja. Huo ndio ugumu wa springi, na yeyote mwenye rula na gunia lililopimwa aweza kuujua.

Hesabu ya pili ilikuwa ya nafasi. Gari likiwa tupu, palikuwa na milimita 80 kabla ya chuma kugonga kizuizi cha mpira. Abiria na mizigo yao wangeongeza kilo 125 kwa kila gurudumu la nyuma. Springi ya zamani ingeshuka milimita 50, ikabakiza 30 tu kwa ajili ya mashimo. Kijana akasema, "Basi tuweke ya kilo 5." Fundi akakubali kwamba hiyo ingeshuka milimita 25 tu, lakini gari likiinamishwa milimita 40 kama alivyotaka, zingebaki 15. Ugumu ungeongezeka, na gari lingegonga zaidi. Tena, likiwa tupu lingetikisika zaidi ya mara mbili kwa sekunde, mwendo umchoshao abiria na kumuumiza mgonjwa.

Wakachagua springi ya kilo 3.5, kimo cha gari tupu kikabaki vilevile. Mzigo uleule ungeishusha milimita 36, na 44 zingesalia.

Wengi huishia hapo, na huo ndio ukingo wa pili. Springi hubeba, lakini haijui kutulia. Ikibanwa, hurudi juu, hushuka, hurudi tena. Kazi ya kuituliza ni ya shokapu, ambayo husukuma mafuta kupitia matundu madogo na kuugeuza mtikisiko kuwa joto. Springi ikiongezwa nguvu na shokapu dhaifu ikaachwa, gurudumu huruka juu ya viwimbi, na gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Shokapu ikizidi ugumu, nayo huizuia springi kunyooka kabla ya wimbi lifuatalo, na gari huzama kidogo kidogo hadi kwenye kizuizi. Kwa hiyo viwili hivi huchaguliwa pamoja, na hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia.

Hata magari ya michezo yamelazimika kuiheshimu ardhi hii. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, alishinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z. Lilikuwa gari la michezo hasa. Lakini magari ya Safari huinuliwa, yakapewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Alishinda tena kila mwaka toka 1979 hadi 1982.

Jioni fundi aliegemea kona ya gari, akaibonyeza kwa nguvu, akaiachia. Gari liliinuka mara moja, likatulia. Akakagua kila shokapu kama inavuja mafuta, akanawa mikono.

Asubuhi gari liliondoka na abiria wake. Nyuma alikaa mama mmoja aliyekuwa akimrudisha mwanawe kutoka hospitali, mkono mmoja umemkumbatia mtoto, wa pili umeshika mlango. Changarawe ilipoanza, aliukaza mkono ule, akangoja kishindo. Kilomita kadhaa baadaye aliuachia mlango, akamfunika mtoto kanga.