Uliza Hesabu Kabla ya Kula

Siku hizi vijana wetu wengi waendao Ulaya kwa masomo au kazi hupitia Istanbul, mji mkubwa kupita yote katika Uturuki. Watu wake wamezidi milioni 15. Wazee wa pwani waliuita Stambuli. Nami nilikaa huko siku tatu nikingojea ndege, na fedha nilizokuwa nazo zilikuwa mchango wa ndugu zangu. Basi nitawaeleza jinsi nilivyozipoteza, na jinsi nilivyopona.

Siku ya kwanza nilikwenda kutazama Hagia Sophia, jengo lililomalizika mwaka 537. Zamani lilikuwa kanisa, leo ni msikiti. Njaa iliponishika, mtu mmoja mwenye maneno matamu akanivuta mpaka hoteli ya karibu. Nikaketi bila kuuliza bei. Wakaleta visahani ambavyo sikuagiza, nikadhani ni ukarimu. Wakaleta samaki, kumbe samaki huuzwa kwa uzani! Karatasi ya hesabu ilipokuja, mlo mmoja ulikuwa umekula fedha za siku mbili. Nilimkumbuka shangazi aliyeuza kuku wake ili nisafiri, nikaona haya.

Kesho yake nikasema, nitakula wanapokula wafanya kazi. Niliacha njia ya watalii, nikaingia vichochoro vya nyuma ya soko, kwa wachukuzi na mafundi. Huko kuna vihoteli viitwavyo lokanta. Vyakula vyote vimepangwa mbele katika masufuria, nawe waonyesha kwa kidole tu. Nilikula maharage meupe na wali, ambao wao huuita pilav. Jioni nilikunywa supu ya dengu nyekundu iliyokamuliwa limau, na mkate pembeni. Nilishiba, na mfuko haukulia. Asubuhi kula simit, mkate wa duara uliopakwa ufuta, unaouzwa katika vigari njiani. Maji nunua ya chupa, kwa maana wenyeji wengi hawanywi ya bomba.

Lugha isikutie hofu. Merhaba ni salamu, nayo ni ndugu wa marahaba yetu. Çay husomwa chai, nao huinywa bila maziwa katika bilauri ndogo. Dakika ni dakika. Na hesap ni hesabu! Neno hilo lingeniokoa siku ya kwanza, kama ningalilitamka kabla ya kula.

Kwa safari za mjini, nunua kadi iitwayo Istanbulkart, uijaze fedha kidogo kidogo. Kadi hiyo hiyo hukupandisha basi, treni na meli. Panda meli ya Eminönü kwenda Kadıköy. Kwa nauli ndogo na dakika kama 20 hivi, unatoka Ulaya na kushuka Asia, ukitazama minara ya mji mzima. Watalii wengine hulipa fedha nyingi kwa merikebu za matembezi, na bahari ni ile ile.

Yapo pia ya kutazama bure. Msikiti wa Sultan Ahmed hauna kiingilio. Vua viatu, wanawake wafunike vichwa, wala usiende saa za sala. Na katika barabara ya İstiklal liko kanisa la Mtakatifu Antoni wa Padua. Humo alihubiri Angelo Roncalli, alipokuwa mjumbe wa Baba Mtakatifu huko tangu 1935 hadi 1944. Baadaye ndiye aliyekuwa Papa Yohane XXIII.

Enyi wazazi, mtoto wenu akisafiri, mwambieni mambo matatu. Kwanza, atafute bei iliyoandikwa kabla ya kuketi. Kama haipo, aulize. Pili, kisahani asichoagiza akirudishe kwa adabu. Tatu, afuate wachukuzi wanapokula, asimfuate anayemvuta mkono.

Fedha za mchango zina jasho la watu wengi. Kuuliza bei si aibu. Aibu ni ile niliyoipata mimi.