Rafiki yangu kafungua ofisi, kamkataa mteja

Leo tuache siasa kidogo. Nina rafiki yangu, mhandisi wa miundo, ambaye kaacha ajira ya mshahara na kufungua kampuni yake. Jina nalihifadhi. Nitamwita Injinia tu, maana hata mama ntilie wa mtaani kwao ndivyo anavyomwita.

Kwa wasiojua, msanifu majengo ndiye anayekuchorea sebule ikae wapi na jiko likae wapi. Mhandisi wa miundo ndiye anayekokotoa nguzo iwe nene kiasi gani, nondo ziwe za milimita 12 au 16 au 20, ziwe ngapi, na ringi zipishane kwa umbali gani. Kazi yake ikiisha inafukiwa na zege, halafu inapigwa plasta. Hakuna mgeni atakayekuja kwako akasifia nondo. Ndiyo maana watu wanaona uchungu kuilipia.

Ofisi yake iko Sinza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi: chumba kimoja, meza moja, kompyuta na feni. Mimi nilidhani mtaji ni ile kompyuta. Akanicheka. Kwanza kuna karatasi: BRELA kusajili kampuni, TRA kupata namba ya mlipa kodi, leseni ya biashara. Halafu ndio mlima wenyewe, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Digrii peke yake inakufanya mhandisi mhitimu, basi. Unafanya kazi chini ya wakubwa (Bodi ina mpango wake wa mafunzo ya miaka 3), unapimwa, ndipo unaitwa mhandisi mtaalamu. Na kampuni ya ushauri nayo inasajiliwa kivyake.

Ukishapata hayo yote, wateja wa kwanza ni nani? Ndugu! "Shemeji, nichoree nondo tu, mengine fundi anajua." Mjomba analipa nusu, nusu nyingine atatuma. Injinia akajifunza kuandika mkataba hata na shemeji, na kudai malipo ya awali kabla ya kuwasha kompyuta. Hela ngumu kuliko zote ni ya ukaguzi. Mtu akishapata michoro, anaona kumlipa mhandisi aje kuangalia nondo kabla zege halijamwagwa ni anasa. Kumwambia amwage sampuli za zege kwenye viboksi vya milimita 150, zikavunjwe maabara siku ya 7 na siku ya 28, ndio anaona unamtafutia gharama.

Mwezi wa nne akaja mzee mmoja, kavaa vizuri, kashuka kwenye gari la maana. Jengo lake limeshaanza. Msingi ulipigiwa hesabu ya ghorofa 4, sasa anataka 6. Michoro ya juu anayo tayari. Anachotaka ni sahihi na muhuri. Hela aliyotaja ilikuwa kodi ya ile ofisi ya miezi 6.

Injinia akaomba ripoti ya udongo na michoro ya msingi. Mzee akajibu, "Kijana, nimekuja kuchukua muhuri, sikuja shule."

Hesabu yenyewe haihitaji digrii. Kila ghorofa unayoongeza, uzito wake unashuka kwenye nguzo, nguzo zinausukuma kwenye msingi, msingi unausukuma kwenye udongo. Huwezi kuuambia udongo kwamba mwenye nyumba kabadili mawazo.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa 16 zilishuka chini katikati ya Dar na kuua watu 36. Mimi nilikuwa sekondari. Tarehe 16 Novemba 2024 Kariakoo, jengo likaanguka na kuua zaidi ya watu 20. Safari hiyo nilikuwa pale na daftari langu, na kuna simu zilikuwa zinaita chini ya kifusi.

Injinia akakataa. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi 7 na mwenye nyumba alishapiga simu mara mbili. Mzee akainuka akasema wapo wengine.

Nilimuuliza aliwezaje. Nikategemea anieleze habari za kiapo cha wahandisi. Akaniambia kabla ya kuacha kazi aliweka pembeni hela ya miezi 5, na kwenye daftari akaiandika "hela ya kukataa". Kompyuta alinunua ya mtumba ili ile hela isiguswe.

Hili ndilo nawaachia ninyi mnaotaka kujiajiri, iwe uhandisi, uhasibu, famasi au hata uandishi. Kampuni kubwa ikipoteza mteja inakunja uso tu. Wewe wa meza moja ukipoteza mteja hulipi kodi ya pango, na wenye shida zao wanajua hivyo, ndiyo maana wanakuja kwako. Maadili bila akiba yanachoka ikifika tarehe 30.

Kuhusu mzee, nimepita pale juzi. Jengo liko ghorofa ya 5 na mafundi wanaendelea. Maana yake muhuri umepatikana mahali. Jumatatu nimepeleka maswali yangu manispaa kwa maandishi. Nasubiri majibu, na wapangaji wa duka la chini wameshaanza kupanga mali.