Mama kwa Mlango Wake, Mimi kwa Wangu

Katika watu wa kwetu wako wengi wanaodhani kwamba mtu akisha kukaa Uingereza miaka michache, milango yote ya dunia humfungukia. Tena husema kwamba kwa habari ya Hija hasa mtu wa Ulaya hana taabu, maana ana mshahara, na ofisi za huku hufanya kazi upesi. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Mumias, na ni karani katika halmashauri ya mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Kazi yangu ni kupokea hati za watu, kuzikagua, na kuwaambia kilichopungua. Nilipoomba viza ya Hija ya mwaka wa 2025 nilijikuta nimeketi upande wa pili wa meza, nami napenda kuwaeleza wasomaji niliyoyaona huko, hasa wale wenye watoto au ndugu katika nchi za mbali ambao wanatumaini kwenda Makka pamoja nao.

Sisi nasi tulitumaini hivyo. Baba alifariki dunia kabla ya kuhiji. Mama amelima miwa tangu nipate akili, na kila malipo ya miwa yalipokuja, ambayo wakulima wa kwetu wanajua jinsi yanavyokawia, alitenga kidogo kwa safari hiyo. Ana miaka 68. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, nikienda nataka niende nawe, kwa maana miguu hii si ile ya zamani." Nami nilimwahidi, na kuongeza fedha zangu juu ya zake.

Jambo la kwanza nililofahamu ni kwamba viza ya Hija haiulizi mama yako ni nani. Huuliza unakaa wapi. Asili yake ni mgawo. Mwaka wa 1988 mawaziri wa nchi za Kiislamu walipokutana Amman walikubali kwamba kila nchi ipewe nafasi za mahujaji 1,000 kwa kila Waislamu milioni moja, kwa sababu mabonde ya Mina na Arafa hayaongezeki, na watu wanaongezeka kila mwaka. Kwa hiyo Kenya ina fungu lake, na Waislamu wakaao Uingereza wana fungu lao. Mama alikuwa katika hesabu moja, mimi katika nyingine, ingawa pasipoti zetu zote mbili ni za Kenya na zina ngao moja juu ya jalada.

Nyumbani mahujaji huenda kwa vikundi vya mawakala, na Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, SUPKEM, ndilo linaloshughulika na mambo yao. Mama aliandikishwa na wakala kwa njia hiyo, akiwa pamoja na wanawake wanne wa msikiti wetu. Huku Uingereza nako zamani mambo yalikuwa ya mawakala. Kabla ya ugonjwa wa Korona walikuwa wakienda mahujaji 25,000 hivi kila mwaka, na aghalabu mtu alimjua wakala wake, akamfuata dukani kwake, akamkaripia viza ilipochelewa. Mwezi wa Juni 2022 serikali ya Saudia ilikata njia hiyo kwa watu wa Ulaya, Marekani na Australia, ikaweka mlango wa intaneti ulioitwa Motawif, na waombaji wakapigiwa kura. Ilibaki wiki chache tu kabla ya Hija. Wako watu waliokwisha lipa fedha zao zote, na siku ya kuondoka hawana viza, au wana viza na hawana tiketi. Mwaka wa 2023 mlango huo uliondolewa, ukawekwa mwingine uitwao Nusuk, na huo ndio nilioutumia. Mtu hujiandikisha, hupeleka picha ya uso wake, pasipoti, na ushahidi wa makazi. Kisha hungoja siku ambayo safari zitatangazwa, achague na kulipa papo hapo kabla wengine hawajazimaliza.

Naliwaza kwanza kuiacha njia hiyo nikajiandikishe nyumbani, niwe kundi moja na Mama. Wakala wake alisema yawezekana, maadamu nimpelekee pasipoti yangu Nairobi akae nayo wiki kadhaa, kisha niondoke na kundi na kurudi na kundi. Kundi lilikuwa likae huko siku 35. Likizo niliyopewa ilikuwa siku 19, na mkubwa wangu alikuwa amenipa kwa moyo mzuri hata nikaona haya kumwomba zaidi. Hapo ndipo tulipotengana, mimi na Mama, kwa karatasi.

Sasa nisemee ushahidi wa makazi, kwa kuwa ndio uliokula usiku wangu mwingi. Mgeni akaaye Uingereza alikuwa na kadi ngumu yenye picha yake na alama za vidole, na mtu aliitunza kama tulivyotunza vipande vya zamani. Kadi hizo zilio nyingi ziliandikwa kwamba mwisho wake ni tarehe 31 Desemba 2024, hata kama ruhusa ya mwenye kadi ilikuwa na miaka mingi mbele. Baada ya hapo ruhusa yako huwekwa katika kompyuta za serikali. Akitaka mtu kuithibitisha, unampa namba ya herufi na tarakimu tisa, naye huifungua na kuona. Na namba hiyo hufa baada ya siku 90. Mimi ni karani, nimezoea kitu chenye mhuri. Niliitazama kadi yangu iliyokufa, nikaitazama ile namba, nikajiuliza ni ipi nitakayopeleka Saudia, ambako hakuna aliyesema kwamba ataifungua. Mwisho nilizipeleka zote mbili, pamoja na ukurasa wa kompyuta uliopigwa chapa, pamoja na barua ya halmashauri inayosema kwamba nimeajiriwa na nitarudi kazini tarehe fulani. Ombi lilirudishwa mara moja kwa kuwa picha ya ukurasa haikusomeka vizuri. Mara ya pili lilipokewa.

Kuna na habari ya majina. Fomu za Saudia hutaka jina lako, la baba, la babu, na la ukoo. Pasipoti ya Kenya haikupangwa hivyo. Katika shule ya misheni nilikosoma, mapadre walituandikisha kwa majina mawili, wakaona yatosha kwa mtihani na kwa mbingu. Basi nilikaa na simu usiku nikimwuliza Mama jina la babu yake baba lilivyoandikwa, naye akacheka, akasema, "Yule hakuandikwa popote, aliitwa tu."

Msomaji huenda akauliza, je, mwanamke mzee aweza kusafiri bila mwanamume wa nyumbani? Kwa miaka mingi sheria ya Saudia ilimtaka mwanamke aliye chini ya miaka 45 awe na maharimu wake, na aliyepita umri huo aliruhusiwa akiwa katika kundi na ana barua ya ruhusa. Sharti la maharimu limekwisha kuondolewa, na mwezi wa Oktoba 2022 Waziri wa Hija alilitangaza jambo hilo waziwazi. Kwa hiyo Mama hakuhitaji barua kutoka kwangu. Yeye hakupendezwa sana. Alisema barua ile ingalikuwa yangu, angaliiweka mkobani.

Katikati ya mambo hayo alinijia mtu. Sitamtaja, wala sitataja mji wake, kwa kuwa watu wa namna yake wako kila mahali. Aliniambia, "Kwa nini mnahangaika? Mimi nitawapatia ninyi wawili viza za matembezi. Mtaingia Saudia mapema, mtakaa katika nyumba moja Makka, na siku za Hija zikifika mtatoka na watu wengine. Nani atawatambua katika watu milioni?" Bei yake ilikuwa karibu nusu ya ile niliyokuwa nikitakiwa kulipa. Kwa muda wa siku mbili, nakiri, maneno yake hayakunitoka kichwani. Mama kwa mkono wangu wa kuume, hatua kwa hatua, kama tulivyosema.

Siku ya tatu nilikaa nikasoma habari za Hija ya 2024. Katika siku zile, tarehe 17 Juni, joto katika Msikiti Mtukufu lilipanda hata nyuzi 51.8 za Selsiasi. Serikali ya Saudia ilitoa hesabu ya waliofariki, nao ni watu 1,301. Katika kila mia, 83 walikuwa watu wasio na ruhusa ya Hija. Sababu yake si fumbo. Asiye na ruhusa hana hema Mina, hana hema Arafa, hana basi. Hutembea juani maili nyingi, na akiona askari hujificha badala ya kuomba maji. Na kwa mwaka wa 2025 Saudia ilitangaza faini ya riali 20,000 kwa atakayejaribu kuhiji bila ruhusa, na hata riali 100,000 kwa yule anayewaombea watu viza za matembezi kwa ajili hiyo. Faini haikunitisha sana. Nilifikiri juu ya miguu ya Mama.

Nilimpigia simu, nikamweleza habari ya mtu yule, maana ni safari yake na haki yake kujua. Akasema upesi, "Lakini tungekuwa pamoja." Nikamsomea hesabu ile ya wafu. Alinyamaza kitambo hata nikadhani simu imekatika, kisha akauliza, "Na hao, walizikwa na nani?"

Nilimwambia walizikwa huko huko, na wengine walikawia kutambuliwa, kwa kuwa hawakuwa na hati zozote miilini mwao.

"Watoto wao hawakujua?"

"Baadaye, Mama."

"Basi mwambie huyo bwana hapana. Mimi nitakwenda na wenzangu wa msikitini. Wewe pita kwako."

Viza yake ilitoka kwanza. Alipelekwa Kakamega na binamu yangu kuchanjwa homa ya uti wa mgongo, ambayo hutakiwa kwa kila haji siku kumi au zaidi kabla ya kuingia Saudia. Tena kwa kuwa anatoka Kenya alitakiwa kuwa na cheti cha homa ya manjano, nacho kwa mtu aliyepita miaka 60 daktari hakitoi kwa haraka. Alimwuliza maswali mengi, akampima, ndipo akachoma. Mimi chanjo yangu nililipia mwenyewe, maana huku ya safari si bure. Viza yangu ilifika siku tisa kabla ya ndege, saa nane za usiku, katika simu, bila mhuri wala sahihi. Niliipiga chapa nakala tatu.

Wakati wa kungoja nilipata kusoma kidogo habari za zamani, nikaona ya kuwa haji na karatasi ni marafiki wa siku nyingi. Kipindupindu kilipoua watu wengi Makka mwaka wa 1865, mataifa yalikutana Constantinople mwaka uliofuata kushauriana namna ya kuwachunga mahujaji, na baadaye meli zilizotoka pande za kusini zilisimamishwa kisiwani Kamaran, katika Bahari ya Sham, abiria wakatiwa karantini. Na kabla mafuta hayajaitajirisha Saudia, kila haji alilipa kodi; Mfalme Abdulaziz aliifuta mwaka wa 1952. Babu zetu waliosafiri siku hizo walikuwa na taabu za bahari ambazo sisi hatuzijui. Lakini wao waliposhuka chomboni, walishuka pamoja.

Tulikutana Makka tarehe 1 Juni, katika ukumbi wa chini wa nyumba walimokaa watu wa Kenya. Saa ya Makka na ya Mumias ni moja, kwa hiyo yeye alikuwa amelala vizuri, na mimi ndimi niliyesinzia. Kwa muda wa siku mbili nilimshika mkono katika tawafu, hatua kwa hatua. Kisha zikaja siku zenyewe. Mina watu hupangwa kwa nchi walizotoka na kwa makampuni yanayowahudumia, na kila mmoja huvaa kadi ya Nusuk yenye habari za kambi yake; Waafrika walikuwa upande wao, sisi wa Ulaya upande wetu. Tarehe 5 Juni, siku ya Arafa, katika watu 1,673,230 waliohiji mwaka ule, Mama alikuwa katika hema lenye kivuli na maji, nami katika jingine, nisijue liko umbali gani. Alasiri alinipigia simu. Hakusema mengi. Alisema amemwombea Baba, na kwamba mmoja wa wenzake anamshikia mwavuli.

Madina hatukwenda pamoja. Kundi lake lilianzia huko, langu lilimalizia huko.

Sasa amerudi shambani, nao humwita Hajjati hata sokoni. Juzi aliniuliza kama Umra nayo ina milango miwili. Nilimwambia Umra haina mgawo ule wa nchi, na kila mmoja wetu aweza kuomba viza yake, tukachagua siku moja na nyumba moja. Ameniambia nitazame tarehe, baada ya miwa kuvunwa.