Kamera za Yadi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Yadi ya makontena, Miritini. Kamera 12, watazamaji watatu: chumba cha ulinzi, kibanda cha lango, ofisi ya karani. Kila kamera inamtumia kila mtazamaji nakala yake ya megabiti 4 kwa sekunde. Jumla megabiti 144, na waya wa kutoka yadini unabeba 100 tu. Malori yakijaa jioni, picha zinakatika. Askari wa zamu kaniambia, "Fundi, lori tunaliona, nambari ya kontena hatuisomi." Nambari isiposomeka, mzigo wa mtu unaweza kupotea.

Dawa yake ni maltikasti: kamera itume mara moja, swichi igawe kwa walioomba tu. Msingi wake aliuandika Steve Deering katika RFC 1112, mwaka 1989. Waya utabeba 48.

Jumanne, 4 Machi
Kwenye swichi kuu nimeandika ip multicast-routing, kisha ip pim sparse-mode kwenye kila VLAN, yaani kila kipande cha mtandao kilichotengwa. Ya kamera nayo inahitaji, maana hapo ndipo swichi inapoipokea picha. Swichi hiyohiyo nimeiweka kuwa mahali pa kukutania wanaotuma na wanaoomba.

Makundi nimeyapa anwani za 239.20, kwa kuwa 239 yote imetengwa kwa matumizi ya ndani. Nimeikwepa 239.128.0: kwenye Ethernet kila anwani 32 za makundi hugongana kwenye anwani moja, na hizo zinagongana na 224.0.0, ambazo swichi humwaga kwenye kila mlango.

Jumatano, 5 Machi
Chumba cha ulinzi, kilicho VLAN moja na kamera, kinaona. Langoni giza. Nimefungua jedwali la njia kwenye swichi kuu, mstari upo: (*, 239.20.1.11). Mwanagenzi akauliza, "Ami, hiyo nyota ni nini?"

"Ni ombi, mwanangu. Langoni wanataka kundi hili, atume yeyote."

Basi ombi limefika. Kasoro iko upande wa kamera. Nimezinasa pakiti zake: TTL, hesabu ya uhai wa pakiti, ni 1. Kila ruta hupunguza moja, na hapa swichi kuu ndiyo ruta, kwa hiyo zilikuwa zinafia kwenye swichi. Nimepandisha hadi 16. Picha ikatokea langoni, herufi nne na tarakimu za kontena zikasomeka hadi ile ya mwisho iliyo ndani ya kisanduku.

Alhamisi, 6 Machi
Karani akifunga picha, swichi inauliza tena nani bado anataka. Akikosekana wa kujibu, inakata upande huo. Upande wa watazamaji, hakuna waya unaobebeshwa picha isiyo na mtazamaji.

Mwanagenzi nimemwandikia utaratibu: anza kwa mtazamaji. Je, ameomba? Ombi limefika swichi kuu? Ndipo uende kwenye kamera. Njia ya maltikasti hujengwa kutoka kwa anayetaka kurudi kwa anayetuma, na ikikatika, huko kwa anayetaka ndiko kwa kuanzia kuitafuta.